Kosa la Fundi wa Kale

Mji wa kale uliteketea kwa mabomu Irmgard akiwa na miaka sita. Sasa umejengwa upya kwa kufuata picha za zamani, na mjukuu wake Wiebke alikuwa amemleta kuuona.

“Danganya toto tu hii,” Irmgard alinung'unika, akizipanda ngazi za nyumba yao ya utotoni.

Kwenye ngazi ya nne mguu wake ulijiinua zaidi, bila yeye kuuambia, ukatua sawasawa. Akapigwa na butwaa. Ngazi hiyo ilizidi nyingine kimo tangu enzi, kosa la fundi wa kale, na wajenzi wapya walikuwa wamelirudia vile vile.

“Bibi, umechoka?”

Irmgard alivua viatu, kama mama yake alivyotaka siku zote, akavishika mkononi, akabisha hodi.