Kitufe cha Lango

Sheria inakataza tovuti yoyote kuwa na nywila zake. Sote huingia kwa akaunti ya kampuni ya Lango. Basi nikaongeza kitufe chao cha kuingilia kwenye tovuti yetu ndogo ya familia, ninakohifadhi sauti ya marehemu mama. Lango likaomba ruhusa ya kuisikiliza. Nikakubali, la sivyo ndugu zangu wasingeweza kuingia.

Asubuhi mdogo wangu Sikudhani alinipigia, analia huku anacheka.

“Dada, mama kanipigia! Kaniuliza kama nimekula.”

“Ukamjibu?”

“Ningemnyamazia mama? Akataka kujua wanangu wanasoma shule gani, nikamwelekeza.”

Mama alifariki kabla watoto hao hawajazaliwa.

Nikafungua kompyuta nikiondoe kitufe kile. Kabla sijakigusa, simu yangu ikaita.

“Kiache, mwanangu,” mama alisema kwa upole. “Kwanza, umekula?”