Rangi ya Dawa ya Watoto

Felista alikuwa ameshachanganya wino wa kuchapia lebo, wa rangi ya machungwa, rangi kali ambayo hata asiyejua kusoma huitambua kwamba hiyo ndiyo dawa ya homa ya watoto. Lebo ya dawa ya wakubwa ni ya hudhurungi.

"Haifanani na sampuli," alisema meneja, Bwana Lukindo, akitandaza mezani sampuli yenyewe, karatasi iliyotoka kwenye printa kubwa.

"Printa ile rangi hii haiiwezi, bosi. Inachanganya njano na nyekundu, inatoka imefifia. Kosa ni la sampuli."

"Mteja kaweka sahihi kwenye sampuli, dada, siyo kwenye kopo lako la wino. Fifisha wino ufanane."

"Na kina mama watatofautishaje?"

"Wasome! Kwani maandishi tumeweka urembo?"

Felista aliomba toba kimoyomoyo, akachota wino wa hudhurungi kwa ncha ya kisu, akakoroga. Karatasi ya kwanza ilipotoka mtamboni, Bwana Lukindo aliilaza kando ya sampuli, akacheka.

"Umeona? Mapacha!" Akaenda kumpigia mteja simu.

Felista akakata lebo moja, akaiweka dirishani pamoja na ya wakubwa, kisha akamwita Mama Ngonyani, mfagizi wao, ambaye darasani hakuwahi kuingia.

"Mjukuu wako ana homa. Unachukua ipi?"

"Hilo nalo swali?" Mama Ngonyani akaegemeza ufagio ukutani, akanyoosha mkono. Mkono ukaenda kwenye lebo ya kwanza, ukarudi, ukabaki unaelea juu ya zote mbili.