Mlio wa Chungu

Jerotich aliporudi kutoka mtoni alikuta vigae mlangoni. Chungu chake kingine kilikuwa kimevunjwa.

Kwao, karibu na Sachangwan, wanawake wamefinyanga vyungu tangu zamani, na sheria yao ni moja. Chungu kikitoka motoni, aliyekifinyanga hakigongi mwenyewe. Anateremka mtoni, mamake anabaki kukigonga kwa kidole. Kikilia, kinaenda sokoni. Kikinyamaza, kina ufa wa ndani, na lazima kivunjwe.

Tangu mama apone ile homa mbaya, hakuna hata kimoja kilichopita.

"Mama, hii nayo ilikuwa na shida gani?"

Mama aliendelea kufagia vigae. Jerotich akamzunguka, akasimama mbele yake.

"Imekufa," mama akasema. "Zote zinakufa tu. Sijui mikono yako imepatwa na nini."

Zamani maneno hayo yangemliza. Tangu utotoni hakutaka kingine ila kurithi kazi ya mama. Sasa moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Kaka yake, Kiplangat, alishampatia kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Jerotich alikuwa amemwomba asubiri, ajaribu chungu kimoja cha mwisho. Hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho.

Akaingia ndani, akafunga mkoba. Alipotoka, chai ilikuwa ikifurika uani, ikimwagika motoni kwa kelele. Mama alikuwa ameketi hapo hapo, ameupa moto mgongo. Hakugeuka. Jerotich akaiepua mwenyewe.

Alipofika langoni akaita, "Mama, mimi naenda!"

Mama hakuinua kichwa. Sawa basi, Jerotich alijiambia, hata kwaheri nimenyimwa. Alingoja imuume. Haikumuuma.

Hakuwa amefika mbali aliposikia, kule nyumbani, chungu cha zamani cha nyanya yake kikigongwa. Mlio huo aliujua vizuri. Kwa chungu hicho wanawake wote wa nyumba yao walifundishwa jinsi chungu kizima kinavyolia. Kililia safi, kama kengele ya shule. Kikagongwa tena, kwa nguvu zaidi, na mlio ukavuka hadi ng'ambo ya barabara.



"Hata wewe?" mama akasema, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Kisha kikavunjwa.