Khanga Mbele ya Skrini

Saa nne asubuhi lilitoka tangazo kwamba Shekuwe ameachia ukurugenzi wa kampuni ya teknolojia aliyoianzisha mwenyewe. Kufika saa tano, hisa zilikuwa zimepanda. Wafanyakazi wake wakapiga makofi ukumbini, kisha wakanyamaza walipokumbuka kuwa mlango wake uko wazi.

Bi Mwanshamba, mpika chai, akaingia ofisini kwa Shekuwe na kikombe chake cha kila siku. Akasimama mbele ya skrini ya bei za hisa, akaiziba kwa khanga.

“Zimepanda sana?” Shekuwe akauliza.

“Kunywa chai kwanza, baba.”

Akanywa kidogo. “Sogea, mama, nami nizione. Hata zangu zimo humo.”

Bi Mwanshamba hakusogea. Alizidi kuitanua khanga, na mwanga wa kijani wa zile namba ukapenya kwenye maua yake.