Vigelegele vya Mwasiti

Simu ilipolia, Bi Mwasiti aliuacha ungo wa mchele na kufuta mikono haraka. Asubuhi alikuwa amepimwa presha kwenye kibanda cha afya sokoni, na majibu huletwa kwa ujumbe. Kila mara ujumbe ulimwambia presha bado iko juu. Dada yake alikufa kwa presha hiyohiyo.

Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani.

Majirani wakaja mbio. Bi Tunu, wa nyumba ya pili, alitangulia na kanga mpya mkononi, maana binti wa Mwasiti alikuwa na mimba pevu.

“Kajifungua? Wa kiume au wa kike?”

“Mia na ishirini na nane kwa themanini!” Mwasiti alijibu huku akicheza.

“Makubwa! Mtoto gani huyo?”

“Presha yangu, shoga! Imeshuka!”

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Bi Tunu. Alimsogelea, akanong'ona, “Hicho kibanda kinafungwa saa ngapi?”

Mwasiti aliichukua ile kanga, akamfunika nayo mabegani, akamshika mkono. Wakatoka, vigelegele vikiwasindikiza hadi barabarani.