Kilo Kumi na Sita

Tabibu Ghati alikuwa amefungua kinywa amwite mgonjwa anayefuata, akageukia dirishani. Nje ya dirisha Immakulata, mhudumu wa zahanati, alikuwa ameshampima mvulana mwenye kikohozi na kutangaza uzito wake kama kawaida yake.

"Kumi na sita!"

Ghati alimtazama mvulana. Miaka minne, mashavu yamejaa, miguu imara. Na asubuhi ileile alikuwa ameandika kumi na sita kwa mtoto wa Elieth aliyeletwa na degedege, mtoto wa kunyonya asiyejua hata kusimama.

Alitoka mbio.

"Immakulata, yule mtoto wa degedege ulimpimaje?"

"Kama wote, daktari. Mizani ya watoto si imekatika ndoano? Mama alipanda amembeba. Akashuka, akaenda kumwacha kwa mkwewe pale barazani, akarudi akapanda peke yake. Nikatoa uzito wa pili kwenye wa kwanza."

"Hukuona kwamba kumi na sita ni nyingi mno?"

"Kwa mvua ile? Mama alikuwa kajifunika blanketi yeye na mtoto, mpaka kichwani. Mimi nasoma mshale, daktari, sisomi watu. Dawa unaandika wewe."

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu, naye Ghati alikuwa peke yake. Mtoto wa Elieth alipoletwa mbele yake alimpima homa, akasikiliza kifua, kisha akapiga hesabu ya vidonge kwa uzito aliotajiwa. Hesabu haikuwa na kosa, ila ilikuwa ya mtoto mwenye uzito mara mbili. Vidonge vile hutuliza degedege. Vikizidi kwa mtoto mdogo, humlaza usingizi mzito mpaka kifua kikasahau kazi yake. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza Elieth: ukifika nyumbani mnyonyeshe, kisha visage vyote, umpe.

Elieth hakuwa na simu. Jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Alimkuta Japhet wa bodaboda amelala juu ya pikipiki yake, akamwambia wanakwenda Titye, kijijini kwa Elieth.

"Njia ya Titye ni tope tupu, daktari," Japhet alisema. "Tukianguka, nani atamtibu mwenzake?"

"Washa."

Walipanda vilima, tairi likiteleza kwenye udongo mwekundu. Mwanzoni Ghati aliwaza leseni yake, akawaza atakavyorudi kwao Mara amebeba aibu. Baadaye hata hayo yalimtoka. Alibaki na kitu kimoja tu kichwani: kifua kidogo, kinapanda, kinashuka, hakipandi tena.

Uani kwa kina Elieth wanawake walikuwa wameketi mkekani, kimya. Kama msibani. Mama mkwe wa Elieth aliinuka, akainama, akaanza kumpigia makofi ya salamu, taratibu, kama ilivyo desturi ya Waha kwa mgeni wa heshima. Salamu ile haikatizwi. Ghati naye akainama, akapiga makofi, akaulizwa habari za kwao, za kazi, za njia, akajibu kila moja.

"Mama," alisema mwishoni, "mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokunywa dawa yako. Hata kulia hajalia tena. Ndiyo maana tumenyamaza, tusimwamshe."

Ghati aliingia ndani bila kukaribishwa. Chumba kilikuwa na giza. Elieth alikaa ukingoni mwa kitanda, na katikati ya kitanda palikuwa na furushi la blanketi, na kichwa kidogo kimejitokeza. Ghati alipiga magoti, akaweka sikio kifuani. Kwanza alisikia moyo wake mwenyewe tu. Akaziba pumzi.

Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena, vizuri, bila haraka. Alimfinya mtoto kisigino, naye akakunja uso, akanung'unika kama mtu anayeonewa.

Ghati aliketi sakafuni. Alikuwa amekuja kukuta maiti, na sasa hakuelewa anachokiona.

"Elieth, mdogo wangu, niambie kweli. Ulitoa vidonge vyote?"

"Vyote, daktari. Nilivisaga kama ulivyosema. Hakikubaki hata chembe."

"Haiwezekani."

Elieth aliingiwa na hofu. Alifunua blanketi upande wa pili, na hapo kikatokea kichwa kingine, sura ileile, midomo imeachama usingizini.

"Si mlinipima nao wote wawili, daktari, ndipo huyu nikamwacha barazani kwa bibi yake? Pacha hapewi kitu mwenzake akanyimwa. Nikajua mmewahesabu wote, nikaigawa dawa nusu kwa nusu."