Paji Jeupe la Buabua

Paji la uso lilikuwa jeupe. Demetria aliikuza picha mpaka kichwa cha ndege kikajaa kioo cha simu. Mdomo nao ulikuwa mweusi, hauna hata chembe ya wekundu.

Ilikuwa Juni. Isack, mumewe, alikuwa Uholanzi kimasomo, miezi minane sasa, na aliombwa kitu kimoja tu: kila akienda ufukweni ampigie picha buabua, ndege wale wale wa baharini wanaokuja kwetu Desemba. Kwa mhasibu kama Isack, ndege ni ndege. Lakini Demetria anafundisha biolojia huko Madale. Anajua kwamba buabua akiwa kwao Ulaya, msimu wa kutaga, huota kofia nyeusi inayoshuka mpaka kwenye mdomo, na mdomo wenyewe huwa mwekundu. Paji jeupe na mdomo mweusi ni mavazi yake ya ugenini, huku kwetu.

Alijua amedanganywa. Kabla ya kumuuliza mumewe, akamwita mdogo wake wa tumbo moja, Recho. Zamani angemfuata mwenyewe Goba, ila nyumba ya Recho ilikuwa inapakwa rangi tangu Pasaka. Rangi gani hiyo isiyokauka, Mungu ndiye ajuaye.

Recho alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha, akauliza mdomo ulitakiwa uweje. Kisha akamshika mkono.

“Dada, nakuomba usimuulize. Mwanaume akishajua humwamini, ndo umempoteza.”

Demetria alikubali. Damu nzito kuliko maji. Wiki nzima akaongea na Isack habari za shule na bomba linalovuja, la ndege hakuligusa kabisa.

Jumapili picha nyingine ikaingia. Kofia nyeusi tii, mdomo mwekundu, mkia umechanua kama mkasi. Demetria alilia kwa furaha palepale jikoni, akajilaumu kwa kumdhania vibaya mtoto wa watu. Ndipo akasoma maneno yaliyokuwa chini ya picha.

“Yule wa juzi alikuwa bado mdogo, mke wangu, ndo maana paji lake jeupe na mdomo mweusi. Usiwe na wasi.”

Akayasoma tena, taratibu. Habari ya paji na mdomo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Kisha akavaa viatu, akasimamisha bodaboda, akasema Goba.